Nyumba ya Chokaa Haitaki Koti la Mvua

Msomaji wa Lamu anauliza: fundi amemshauri nyumba ya urithi "iwe ya kijani", yaani rafiki wa mazingira. Sponji ngumu ya kuzuia joto chini ya dari, rangi isiyopitisha maji ukutani, madirisha ya vioo viwili na paneli za sola juu. Ndugu yangu, sola ichukue, mengine yasubiri.

Ukuta wa matumbawe na chokaa, wenye unene wa sentimita 45 na zaidi, hunyonya unyevu wa ardhini na kuuachia upepo. Ukiuziba kwa rangi ya plastiki au lipu ya saruji, maji hupanda, chumvi huganda nyuma ya lipu, nayo hubanduka mabonge mabonge. Baya zaidi ni ncha za boriti zilizozikwa ukutani. Huoza kimyakimya, na dari ikishavikwa sponji, mchwa humwoni hata akila mchana. Vile vioo viwili kazi yake ni kutunza ubaridi wa kiyoyozi; umeme ukikatika, umelala ndani ya tanuri.

Pima kwanza. Bandika nailoni ya nusu mita kwa nusu mita ukutani, uzibe pande zote nne kwa utepe, uiache siku nzima. Jasho likitokea upande wa ukuta, bandua lipu ya saruji iliyopo kwa patasi, taratibu, mpaka nusu mita juu ya alama ya unyevu. Piga chokaa iliyolowekwa wiki kadhaa, sehemu 1 kwa 3 za mchanga. Wa ufukweni usiuguse, una chumvi. Tabaka lisizidi sentimita 1, lifunikwe kwa magunia mabichi siku 5 hivi. Mafundi wenye haraka huruka magunia, kisha nyufa hulaumiwa chokaa.

Sasa sola. Nyumba hizi hukua: binti akiolewa, hupandishwa ghorofa nyingine, au wikio, chumba cha juu kiungacho nyumba mbili, huvuka kichochoro. Boliti za paneli zikipenyezwa kupita sakafu ya juu, kila tundu ni njia ya mvua, na siku ya kupandisha ghorofa kila kitu hung'olewa. Fremu isimame kwenye viguzo vifupi vilivyokaa juu ya kuta nene, si katikati ya boriti. Acha sentimita 15 chini ya paneli upepo upite. Nyaya zipite kwenye bomba la nje, usichimbe ukuta, na bakiza mita 2 za ziada za kuhamishia. Tangi la maji nalo lisikae juu, lita 1,000 ni tani nzima. Liweke uani, na pampu ndogo ipandishe maji.