Kabla Hujauliza Unapelekwa Wapi, Uliza Nani Amekuita

Kuruta wengi wa jeshi la akiba waliopita mikononi mwangu huanza na swali moja: "Afande, tutapelekwa nje?" Siwalaumu. Nami niliuliza hivyohivyo siku ya kwanza, buti mpya zikinichubua visigino. Baada ya miaka 14 ya kuvaa sare Jumamosi na kurudi kazini Jumatatu, naona swali hilo ni la pili. La kwanza ni hili: amri iliyokuita imetoka kwa nani, na kwa sheria ipi?

Karatasi ya wito ndiyo inayosema kama unaruhusiwa kumkamata raia au kumwelekeza njia tu. Humo ndimo utajua risasi zinaingia lini kwenye bunduki, nani anakulipa, ukivunjika mguu nani anagharimia matibabu, na kama mwajiri anabanwa na sheria akutunzie nafasi yako. Watu huisaini bila kuisoma kwa sababu lori linanguruma nje. Liache lingurume, isome.

Kisa ninachowasimulia wapya ni cha Little Rock, Arkansas, mwaka 1957. Gavana Orval Faubus aliwapanga Walinzi wa Taifa, yaani askari wa akiba wa jimbo lake, mbele ya shule ya Central kuwazuia wanafunzi tisa weusi wasiingie, ingawa mahakama ilikwisha kuamuru wapokewe. Tarehe 24 Septemba Rais Dwight Eisenhower akamwondolea gavana mamlaka juu ya askari hao, akawaweka chini ya serikali kuu, na akatuma pia askari wa miamvuli wa Divisheni ya 101. Jeshi lilelile la akiba lililokuwa limewafungia njia watoto wale sasa likapewa kazi ya kuwalinda. Sare hazikubadilika, na shule ilikuwa ileile. Aliyebadilika ni mtoa amri.

Mfumo wa Marekani unafaa kujifunzia kwa kuwa mipaka yake imeandikwa waziwazi. Mlinzi wa Taifa ana wakuu wawili: gavana, kwa mafuriko, moto na fujo za jimboni, na rais, kwa vita na dharura za taifa. Sheria moja iliyotungwa mwaka 1878 inalizuia jeshi la serikali kuu kufanya kazi za polisi ndani ya nchi, isipokuwa pale Katiba au Bunge limeruhusu. Haimgusi askari aliye chini ya gavana. Hivyo koplo anaweza kusimamisha magari Jumatatu kwa amri ya jimbo, na Jumatano, akishahamishiwa kwa rais, akajikuta hana tena mamlaka hayo. Nchi nyingine zimeificha mipaka hiyo ndani ya vifungu ambavyo hata maofisa huvipapasa gizani. Kwa mambo hayo mtafute afisa wa sheria wa kikosi. Usimwulize mwenzako aliyekutangulia mwaka mmoja; atakujibu kwa kujiamini sana, na atakupoteza.

Wapya hudhani kazi ya ndani ya nchi ni nyepesi. Mimi naiona ngumu kuliko ya nje. Wito wangu wa kwanza ulikuwa wa mafuriko, na tulifika tumejipanga kama watu wanaokwenda luteka: helmeti, bunduki, redio, hema la kamanda. Kamba zilikuwa mbili. Mashua hatukuwa nayo hata moja. Mzee mmoja aliyekuwa juu ya paa alitutazama kwa muda, kisha akauliza kama tumekuja kuyapiga maji risasi. Walioondoa aibu yetu siku hiyo ni wenzetu wawili ambao uraiani mmoja ni fundi wa pampu na mwingine dereva wa tingatinga. Hawakuwa na vyeo vya maana, lakini kufikia jioni hata luteni alikuwa anawauliza la kufanya. Kesho yake bunduki zilibaki kambini chini ya ulinzi, na kamanda akaenda mwenyewe kuazima mashua.

Ndiyo maana nasisitiza ile fomu ya ujuzi ijazwe kwa ukweli. Vijana huandika "karani" kwa aibu, huku kwa miaka mitano wamekuwa wakiendesha bohari ya dawa. Faida kubwa ya jeshi la akiba ni kwamba watu wake wana kazi nyingine. Kimbunga Katrina kilipopiga kusini mwa Marekani mwaka 2005, Walinzi wa Taifa zaidi ya 50,000 walipelekwa huko kutoka majimbo mbalimbali, na kazi iliyowangoja ilikuwa kutoa watu majini, kugawa maji ya kunywa na kufungua barabara. Januari 2020 Australia ilitangaza kuwaita hadi askari wa akiba 3,000 kwa ajili ya moto wa nyika. Moto hauogopi bunduki.

Fujo za raia ni habari nyingine, na hapa sitanii. Tarehe 4 Mei 1970, Walinzi wa Taifa walioitwa na gavana wa Ohio waliwafyatulia risasi wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kent State kwa sekunde 13. Wanafunzi 4 walikufa na 9 wakajeruhiwa. Askari hao walikuwa na bunduki za vita zenye risasi za moto mbele ya wanafunzi wasio na silaha, na tume ya rais iliyochunguza ikasema ufyatuaji ule haukuwa wa lazima wala hauna udhuru. Ukiitwa kwa kazi ya namna hiyo na hujafunzwa kukabili umati, mwambie kamanda wako mkiwa bado kambini. Nimewahi kusema hivyo, nikaonekana mwoga mbele ya kombania nzima, na usiku ule nikapangiwa zamu ya ghala. Nilikunywa chai yangu huko ghalani kwa amani.

Sasa turudi kwenye swali lenu pendwa. Ndiyo, mnaweza kupelekwa nje, hata kama mliambiwa mtalinda nyumbani tu. Uingereza iliunda jeshi lake la akiba la maeneo mwaka 1908 kwa ajili ya ulinzi wa ndani, na sheria haikumlazimisha askari wake kuvuka bahari. Vita vilipoanza mwaka 1914 wakaombwa wajitolee, wengi wakasaini, na kabla mwaka haujaisha baadhi yao walikuwa wanapigana Ubelgiji. Karibu nasi, mgambo wa Tanzania walijiunga na jeshi la kudumu baada ya majeshi ya Idi Amin kuikalia Kagera mwaka 1978. Vita vilivyoanza kama vya kulinda mpaka viliishia Uganda, na Kampala ikaanguka Aprili 1979. Neno "ndani" huyeyuka upesi vita vikikolea, kwa hiyo soma kifungu cha huduma ya nje siku unayojiunga, usingoje siku ya kuitwa.

Jambo la pili kuhusu nje ni kwamba usitegemee kujificha nyuma ya kazi yako. Mwaka 1991, katika Vita vya Ghuba, Marekani ilipeleka Saudi Arabia kikosi kidogo cha akiba kutoka Greensburg, Pennsylvania. Kazi yao ilikuwa kusafisha maji. Walikuwa wamekaa nchini humo siku 6 tu wakati kombora la Scud la Iraq lilipoanguka, tarehe 25 Februari, juu ya ghala lililogeuzwa bweni la askari huko Dhahran. Waliokufa walikuwa 28, na 13 kati yao walitoka kikosi hicho kimoja. Wote walikuwa mbali na mstari wa mbele. Tarehe 28 Januari 2024 ndege isiyo na rubani iliua askari 3 wa akiba wa Marekani katika kituo cha Tower 22 nchini Jordan, nao walikuwa wa kikosi cha uhandisi. Kwa hiyo mpishi, karani na fundi wa maji, msikwepe mazoezi ya kujikinga na ya huduma ya kwanza kwa kisingizio cha kuwa na kazi nyingi jikoni.

Fikirini pia maana ya watu 13 kutoka kikosi kimoja cha mji mdogo. Vikosi vya akiba huundwa kwa maeneo, hivyo msiba mmoja huingia mitaa ileile kwa siku moja. Nadhani hilo ni sehemu ya sababu viongozi husita kuita akiba. Rais Lyndon Johnson aliepuka kuita akiba kwa wingi kwa ajili ya Vietnam, na kujiunga nayo kukawa njia ya kukwepa kupelekwa vitani. Hali hiyo iliiacha akiba na sifa mbaya, na kuanzia mwaka 1973 Marekani ikapanga majeshi yake kwa namna ambayo vita vikubwa visiwezekane kwa urahisi bila watu wa akiba.

Kuhusu mwajiri nitasema machache. Mpe tarehe za mafunzo ya mwaka mapema na kwa maandishi, ubaki na nakala. Sheria ya Marekani ya mwaka 1994 humhakikishia askari wa akiba kurudi kwenye kazi yake, kwa jumla ya miaka 5 ya kutokuwepo, lakini hata sheria nzuri haimzuii bosi kununa. Israel ilipoita askari wa akiba zaidi ya 300,000 Oktoba 2023, ofisi na viwanda viliamka bila watu wao. Bosi wako naye ana haki ya kujua nani atashika zamu yako. Nyumbani, mwonyeshe mwenzi wako bima ilipo, wosia ulipo, na namba ya ofisi ya kikosi. Mmalize hayo kabla wito haujafika, maana ukishafika mtakuwa na mazungumzo mengine.

Halafu kuna kurudi, ambako mimi sikuandaliwa kabisa. Askari wa kudumu hurudi kambini na wale waliokuwa naye, na akikosa usingizi jirani yake anajua kwa nini. Wa akiba anakabidhi silaha Ijumaa, Jumatatu yuko ofisini, na mwenzake wa meza ya pili anamwuliza likizo ilikuwaje. Niliulizwa hivyo, nikajibu "nzuri," kisha nikaenda kukaa chooni robo saa. Kabla hamjatawanyika, andikianeni namba za simu na wekeni siku ya kukutana ndani ya mwezi wa kwanza, isiwe "tutatafutana." Sisi tuliweka Jumamosi ya tatu. Tulikuja tisa kati ya thelathini na wawili, na wawili kati ya hao tisa walikuwa hawajamsimulia mtu yeyote chochote mpaka siku hiyo.