Je, nimwambie anayetaka kunioa kuwa nina VVU?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Mimi ni mjane. Marehemu mume wangu alikuwa na VVU, akajua, akanificha. Hata dawa aliacha kunywa akihofia nitaziona. Mimi nilijua siku nilipopimwa kliniki nikiwa mjamzito. Alhamdulillahi mtoto alizaliwa salama, na mimi natumia dawa za kufubaza virusi (ARV) kila siku, vipimo vinaonyesha virusi havionekani kwenye damu. Sasa amekuja mtu kuniposa. Shangazi yangu ananisihi ninyamaze: daktari ameshasema siwezi kumwambukiza, na dini inataka mtu ajisitiri. Nikinyamaza nitapata dhambi? Na nikimwambia akaenda kunitangaza?

JIBU: Wa alaykumus-salaam warahmatullahi wabarakatuh. Binti yangu, Allah akulipe kheri kwa subira yako.

Shangazi yako ameshika mambo mawili ya kweli, ila hukumu aliyokupa haitoki humo.

La kwanza ni la daktari. Mtu anayetumia ARV sawasawa mpaka virusi vikawa havionekani kwenye kipimo, hamwambukizi mwenza wake kwa tendo la ndoa. Shirika la Afya Duniani lilitamka hivyo waziwazi mwaka 2023. Kwa hiyo anayesema mwenye VVU haruhusiwi kuolewa hana hoja mkononi. Na anayeogopa kula naye au kutawadha chombo kimoja naye anaogopa kisichokuwepo: virusi hivi hupita kwa tendo la ndoa, kwa damu, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Jasho, mate, mbu na kupeana mikono havimo.

Hata hivyo, kutomdhuru mtu ni jambo moja, na kumghushi ni jingine. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akatia mkono ndani ya rundo la nafaka, vidole vikagusa unyevu. Mwenye mali akasema imenyeshewa mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu watu waione, kisha akasema: "Anayeghushi si katika mimi." Imepokewa na Muslim. Ile nafaka huenda isingemuua mnunuzi yeyote. Kosa lilikuwa kumuuzia mtu asichokijua. Kama hayo ni ya nafaka, ndoa ina haki kubwa zaidi. Mwanachuoni Ibnul Qayyim ameeleza kuwa kila aibu inayomfanya mmoja wa wanandoa amkimbie mwenziwe, ikakosekana huruma na mapenzi yaliyokusudiwa kwenye ndoa, inampa hiari ya kubaki au kuondoka. Ugonjwa wa maisha, wenye dawa za kila siku, ni katika mambo ambayo mtu angependa kuyajua kabla hajasema "nimekubali".

Na tuiangalie hoja ya shangazi kwa karibu zaidi. Yeye anajengea juu ya neno moja: havionekani. Havionekani kwa sababu gani? Kwa sababu unakunywa dawa kila siku na unakwenda kupima. Utazinywaje ndani ya nyumba ambayo mume hajui? Utaficha kopo, utaruka siku akiwepo, utaahirisha kliniki kwa kukosa kisingizio. Ukiacha, virusi hurudi juu, na ile salama unayoitegemea inaondoka. Umeniandikia mwenyewe kuwa mumeo aliacha dawa akihofia utaziona. Siri ndiyo iliyokufikisha hapa, na leo unashauriwa uiingie kwa mlango uleule.

La pili, sitara. Hili ni haki, lakini liwekwe mahali pake. Kinachositiriwa ni dhambi, na wewe katika hili huna dhambi. Umepata ugonjwa ndani ya ndoa yako ya halali. (Inaniudhi sana watu wanaposikia VVU wakakimbilia kusema zinaa. Zinaa ni haramu, na kuiepuka ni kinga kubwa, lakini ni wangapi wameambukizwa na waume zao au wake zao, au wamezaliwa navyo?) Hata angekuwa mwulizaji ni mtu aliyeupata kwa maasia, ningemjibu: mwambie mchumba wako kuhusu ugonjwa, wala huna wajibu wa kumsimulia ulivyoupata. Hayo ni baina yako na Mola wako, tubu na uyanyamazie. Mposaji ana haki ya kujua hali yako. Historia yako si yake.

Basi ndiyo, kumficha mpaka akaoa ni dhambi. Ndoa itasihi, lakini atakapojua atakuwa na haki ya kuivunja.

Mwambie lini? Si siku ya kwanza ya salamu. Subiri uone nia yake ni ya kweli, lakini iwe kabla ya mahari na kabla ya watu kualikwa. Mwambie yeye peke yake; jamaa zako na zake hawana haki hiyo, na nikahi haisimami juu ya kujua kwao. Akitaka kusikia kwa mtaalamu, nendeni pamoja kwa mshauri nasaha wa kliniki yako, atamweleza vizuri kuliko mimi.

Kuhusu kutangazwa: Mtume (S.A.W.) amesema mtu akizungumza neno kisha akageuka kutazama pembeni, basi neno hilo ni amana. Msemaji hahitaji hata kusema "usimwambie mtu". Mposaji akiiacha posa hana lawama, lakini akitoa siri yako amefanya khiyana, na unaweza kumkumbusha hilo kabla hujaanza kusema.

Akikubali, mna nafasi. Akitaka kutuliza moyo kwa kondomu, inajuzu kwa ridhaa yenu wote, kwa kupimia azli (kumwaga manii nje) waliyoifanya Maswahaba zama Qur'ani inateremka, kama alivyosimulia Jabir, mmoja wao. Ziko pia dawa za kinga, PrEP, kwa asiye na virusi. Na watoto msiwakatie tamaa: bila matibabu, hatari ya mama kumwambukiza mtoto ni asilimia 15 hadi 45, kwa matibabu hushuka chini ya asilimia 5, na wewe umeliona hilo kwa mwanao.

Kisha muulize na yeye amepima lini. Wengi wanaojiita wazima hawajapima kamwe, na wewe pia una haki ya kujua unaolewa na nani. Kipimo kinaweza kisione maambukizi ya wiki chache zilizopita. Kama kuna shaka, arudie baada ya miezi mitatu, na nikahi ingoje.

Wallahu a'lam.