Pumzi zinakata mapema? Punguza kasi kwanza

Mkuu, umesema ukikimbia dakika 5 tu pumzi zinakata, na lengo ni kupunguza mwili. Mara nyingi shida si mwili, shida ni kasi. Anza kwa kutembea haraka dakika 5, kisha kimbia taratibu dakika 1, tembea 2, urudie hivyo mara 6 au 7. Kipimo ni mdomo: ukishindwa kumaliza sentensi bila kuhema, punguza mwendo, hata kama watembea kwa miguu wanakupita. Usione aibu kabisa.

Mara 3 kwa wiki zinatosha, na usiunganishe siku. Hapa ndipo wengi huumia: moyo na mapafu huzoea mapema, ila kano na mifupa ya miguu huchelewa, kwa hiyo mtu anajiona yuko fiti kumbe magoti bado. Raba ziache nafasi kidogo mbele ya kidole gumba, maana mguu huvimba ukikimbia.

Kuhusu uzito, nakuambia ukweli, mbio peke yake hazitoshi. Nusu saa ya kukimbia taratibu hurudishwa na soda mbili. Gusa na sahani pia, yaani angalia unachokula. Kama una presha au kifua hubana, muone daktari kwanza.