Hujuma, uvamizi au shambulio? Jibu kwa mwalimu wa Moshi

Swali: Shikamoo. Ninafundisha historia hapa Moshi, na jioni nina darasa la watu wazima. Ninawaandalia kwa Kiswahili maelezo ya Vita Kuu ya Pili, nikafika kwenye neno Blitz, yaani zile ndege za Wajerumani zilivyoipiga London. Nimeandika "hujuma za ghafla". Mwenzangu wa ofisini anasema huo ni "uvamizi". Mwanafunzi wangu mmoja, fundi seremala, anasema sahihi ni "shambulizi la kushtukiza". Tumshike nani? Halafu, ni shambulio au shambulizi?

Jibu: Marahaba, Mwalimu. Fundi seremala ndiye aliyekaribia. Wewe na mwenzako mmekwenda mbali kidogo, na nisamehe nikisema kwamba wewe ndiye uliyekwenda mbali zaidi.

Neno hujuma lenyewe halina kosa. Limetoka Kiarabu, na huko kwao ni shambulio tu. Hata leo ukisikiliza idhaa za Kiswahili za nje utasikia "hujuma za anga", na msikilizaji anaelewa kwamba ni ndege na mabomu. Hapa Tanzania neno hili lilipita njia nyingine. Mwaka 1983, Edward Sokoine, mtoto wa Monduli hapa jirani, akiwa Waziri Mkuu, serikali iliendesha ule msako wa waliokuwa wakificha na kulangua bidhaa. Sheria ikatungwa mwaka huohuo, nyingine ikaifuata mwaka 1984, na jina lililoshika midomoni mwa watu likawa "wahujumu uchumi". Mhujumu akawa mtu wa ndani: mwenye duka, mtunza ghala, mtumishi wa shirika. Hapigi kelele wala harushi bomu. Anatoboa mtumbwi aliomo. Tangu hapo, Mtanzania akisikia hujuma, anamtafuta msaliti.

Nalijua hili kwa kuungua. Miaka ya nyuma nilitafsiri mwongozo wa usalama wa kampuni moja ya utalii hapa Arusha. Ukurasa mmoja ulieleza la kufanya iwapo gari litashambuliwa ghafla njiani. Nikaandika, kwa kujiona nina Kiswahili kizito, "Namna ya kukabiliana na hujuma safarini". Siku ya mafunzo madereva wakausoma ukurasa ule kimya. Mzee mmoja, kofia ameilaza magotini, akainua mkono: "Kwa hiyo bosi anatushuku sisi?" Alidhani wanafundishwa kumkamata dereva anayetia maji kwenye dizeli. Niliuandika upya usiku uleule, bure.

Kwa hiyo ukiwaambia wanafunzi wako kwamba London ilipata "hujuma za Wajerumani", watu wazima hao, ambao wengine wanaikumbuka 1983 kuliko mimi, watadhani kulikuwa na wapelelezi waliokuwa wakikata nyaya mjini.

Sasa uvamizi. Hapa mwenzako amefanya kosa la historia. Kuvamia ni kumwingilia mtu penye pake. Majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera mwezi Oktoba 1978: yalivuka mpaka, yakaingia, yakakaa, na Amin akatangaza kwamba ardhi ile ni yake. Hapo neno limekaa sawasawa, na ndiyo maana hadi leo hatuna jina jingine la tukio lile. (Hukohuko kwenu Moshi ndiko Waganda waliokuwa uhamishoni walikokutana Machi 1979 kuunda UNLF, umoja wao wa kumpinga Amin, wiki chache kabla Kampala haijaanguka. Lipe nusu saa somo hilo, linastahili.) Wajerumani wa 1940 hawakuivamia London. Walikuwa na mpango wa kuvuka bahari, wakauahirisha Septemba ya mwaka huo, na haukutekelezwa kamwe. Walichofanya ni kupita juu na kuangusha mabomu. Ukiandika "uvamizi wa London" umewapa ushindi ambao hawakuupata.

Tena angalia jinsi vamia inavyozidi kupoteza ghafla yake. Mkulima wa Boma Ng'ombe akifunua majani machanga ya katikati ya mhindi na kumkuta yule kiwavi mwenye alama ya Y iliyopinduliwa usoni, anamwita kiwavijeshi vamizi. Wataalamu walimpa jina hilo kwa sababu ametoka bara jingine, Amerika, akaingia Afrika mwaka 2016 na hajatoka. Ndivyo ilivyo hata kwa mimea vamizi. Anayeitwa vamizi siku hizi ni mgeni aliyejikaribisha. Kama alikuja kwa kishindo au kwa kunyata, neno halisemi.

Tuje kwa fundi wetu. "Ghafla" na "kushtukiza" watu huyatumia kama pacha, lakini yanatazama pande mbili. Ghafla inatazama saa: jambo limetokea pasipo dalili. Kushtukiza inamtazama aliyepigwa: hakuwa amejiandaa, na aliyempiga alikusudia iwe hivyo. Mvua hunyesha ghafla, haishtukizi mtu. Waziri ndiye anayefanya ziara ya kushtukiza, na mhasibu ndiye anayetoka jasho. Kwa hiyo "shambulizi la kushtukiza" lingefaa sana kwa Pearl Harbor, bandari ya kijeshi ya Marekani ambayo Wajapani waliipiga 7 Desemba 1941, Jumapili asubuhi, meli zikiwa zimetia nanga. Tahadhari moja tu: kwa mpenzi wa mpira, shambulizi la kushtukiza ni timu iliyobanwa nyuma ikipokonya mpira na kukimbia nao. Darasani kwako watakuwapo wa namna hiyo, nawe wacha wacheke.

Kwa London, hata kushtukiza hakutoshi, na hapa ndipo utamu ulipo. Blitz ni Kijerumani, maana yake radi. Limekatwa kutoka Blitzkrieg, vita vya kasi vya vifaru na ndege vilivyoiangusha Poland mwaka 1939 na Ufaransa mwaka 1940. (Usitafsiri "vita vya umeme", wanafunzi watakuuliza habari za mgao. Sema "vita vya radi".) Waingereza wakalichukua neno, wakaliita hivyo balaa lao wenyewe, lakini balaa lile halikuwa radi hata kidogo. Lilianza 7 Septemba 1940 likaendelea hadi Mei 1941, miezi minane. Katika siku 57 za mwanzo London ilipigwa karibu kila usiku. Watu walijua kabisa kwamba jioni ndege zitakuja. Walikuwa wakibeba mablanketi kwenda kulala kwenye stesheni za treni za chini ya ardhi. Usiku wa kwanza ulishtua, wa arobaini haukumshtukiza mtu. Waliokufa Uingereza kwa mabomu hayo, raia, ni zaidi ya 40,000.

Basi neno la kubeba habari hiyo ni mfululizo, wala si ghafla. Na ningekushauri uachane na nomino, utumie kitenzi, kwa sababu Kiswahili kinapiga kwa kitenzi. "Wajerumani walifanya mashambulizi dhidi ya London" ni sentensi ya taarifa ya ofisi. Mimi ningeandika: "Kuanzia Septemba 1940 ndege za Ujerumani ziliishambulia London kwa mabomu, usiku baada ya usiku, kwa miezi minane; Waingereza wakaliita balaa hilo Blitz, yaani radi." Jina liache lilivyo, lina herufi kubwa, ni jina la tukio.

Yapo mengine utakayoyahitaji ukiendelea na vita hivyo. Kuvizia ni pale mshambuliaji amejificha akikusubiri upite, kwa hiyo ndege haivizii mji, askari wa porini ndiye anayevizia msafara. Msako ni wa polisi, nao unatafuta mtu au kitu. Kufumania uliache, lilishaolewa na mambo ya ndoa.

Na kwa kuwa umesema darasa lako ni la watu wazima wanaouliza kila kitu: mtu asikuambie "shambulio la pumu" eti kwa sababu Kiingereza kinasema hivyo. Kwetu pumu inambana mtu, kifafa kinamwangusha, homa inampanda. Kwa moyo tumezoea "mshtuko wa moyo", linatosha.

Shambulio na shambulizi yote mawili yanatumika, na kwa wingi mashambulizi limeshinda mashambulio kwa mbali, hasa vitani na mpirani. Ila mahakamani hakuna kuchagua: ni shambulio. Kofi moja sokoni Kilombero linaweza kukufikisha mbele ya hakimu kwa shambulio la kawaida, ukimtoa mtu damu ni shambulio la kudhuru mwili, na lipo shambulio la aibu. Ukimwandikia karani "shambulizi la aibu", atakutazama juu ya miwani na kukurudishia karatasi yako.