Majambazi wa barabara za kaskazini mwa Kenya: maswali yenu

Je, ni umaskini tu unaowaingiza vijana katika utekaji wa magari? (Msomaji, Nakuru)

Hapana. Maskini wamejaa nchi nzima na hawateki mtu. Kaskazini ilitelekezwa kwa sera. Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965 ulielekeza fedha kule zitakakozaa haraka, yaani kwenye mvua na mashamba. Vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967, vya Wasomali wa Kenya waliotaka kujiunga na Somalia, vikaacha sheria za hali ya hatari Kaskazini Mashariki hadi 1991. Watoto wa huko waliijua serikali kwa misako kabla ya kuijua kwa shule. Ukame ukimaliza mifugo, kijana hana mahari wala sauti mbele ya wazee. Anayemkabidhi bunduki hapo hahitaji kumbembeleza.

Bunduki zinatoka wapi? (Msomaji, Mombasa)

Kwa majirani walioanguka. Mwaka 1979 jeshi la Idi Amin lilipokimbia, Wakaramojong, wafugaji wa kaskazini mashariki mwa Uganda, walibeba silaha za kambi ya jeshi ya Moroto. Januari 1991 ikaanguka pia serikali ya Siad Barre huko Somalia.

Wanajuaje gari lenye pesa? (Msomaji, Eldoret)

Wanaambiwa. Kabla ya lami ya Isiolo hadi Moyale, lori lilishuka Nairobi na mifugo, abiria wakiwa wameshikilia vyuma juu ya ng'ombe, kisha wafanyabiashara wakarudi na noti kiunoni. Mtu wa sokoni alijua nani ameuza na anaondoka lini. Kwenye korongo dereva anaingiza gia ya kwanza, lori linatambaa, utingo anaruka chini kuweka jiwe nyuma ya gurudumu. Hapo ndipo walipovizia. Wanaopigwa risasi ni vijana; mpasha habari na mwenye bunduki wako mjini wanakunywa chai, na hili linaniuma.

Jeshi litamaliza tatizo hili? (Msomaji, Kitale)

Februari 2023 wanajeshi walitumwa kusaidia polisi katika Turkana, Pokot Magharibi, Baringo, Elgeyo Marakwet, Samburu na Laikipia. Msafiri wa Kainuk, kwenye barabara ya Kitale hadi Lodwar, anastahili ulinzi, siupingi. Lakini magenge mengi yanayoteka magari huiba mifugo pia, na ng'ombe mia hawafichiki. Wanapakiwa kwenye malori, wanapita vizuizi vya polisi hadi machinjioni. Kisheria shehena hiyo hutakiwa kuwa na kibali cha kusafirisha mifugo. Nani alikitia sahihi, na nani alipokea ng'ombe? Ningependa wapelelezi waanzie hapo.