Mwanamke naye anaweza kudhurika

Dada wa Bukavu, umeuliza ilikuwaje primakwini, dawa ya malaria, ivunje chembe nyekundu za damu ya binti yako, ilhali upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachokinga chembe hizo, husemwa kuwa ugonjwa wa wanaume. Jeni ya kimeng'enya hicho iko kwenye kromosomu ya X; mwanamume ana X moja, mwanamke ana mbili. Mapema katika mimba, kila seli ya mtoto wa kike huzima kromosomu moja ya X, ya baba au ya mama, kwa bahati nasibu, na seli zote zitokanazo nayo hufuata hivyo hivyo, kama mwanajenetiki Mwingereza Mary Lyon alivyopendekeza mwaka 1961. Seli nyingi zikiwa zimezima X yenye jeni isiyo na kasoro, mwanamke hudhurika karibu sawa na mwanamume. Kipimo cha haraka cha G6PD, kinachoaminiwa kupita kiasi, kinaweza kumkosa. Afadhali apimwe kiwango chenyewe cha kimeng'enya.