Marubani wapya wananiuliza: niende shirika lipi, na darasani niingie na nini?

Nipo likizo nyumbani Tanga wiki ya pili sasa na maswali hayaishi, mengine nimeulizwa barazani Ngamiani kabla hata kahawa haijapoa, mengine kwa simu usiku. Nimeyakusanya nijibu hapa, maana yanafanana na nyuma yenu wapo wengi watauliza hayo hayo.

Shikamoo kepteni. Nimemaliza CPL (leseni ya rubani wa biashara), nina masaa 214 ya kuruka. Kampuni yenye ndege ndogo za Caravan imeniita ila mwenzangu ananiambia nisubiri ndege kubwa zaidi, Dash au ATR, eti nikiingia Caravan nitaozea huko. Nisubiri? (Kijana wa Makorora)

Marahaba mdogo wangu. Usisubiri. Rubani anayekaa nyumbani mkono unaingia kutu, medikali (cheti cha afya) inaisha unalipa tena, af ukija kuitwa kwenye hiyo Dash unakuta wenzako wana masaa elfu na wewe una 214 zile zile za mwaka juzi. Caravan sio ndege ya kudharau hata kidogo. Ina injini ya tabaini, PT6, na safari zake ni fupi fupi, Tanga kwenda Pemba nusu saa haifiki, kwa hiyo kwa siku moja unaruka na kutua mara nyingi kuliko rubani wa ndege kubwa kwa wiki, na miezi ya kusi ule upepo wa ubavuni utakufundisha miguu kwenye pedali kitu ambacho darasa haliwezi.

Kitu cha kuangalia mapema ni hiki, na wengi hawakioni mpaka wamechelewa. ATPL, leseni ya juu kabisa ya rubani, inataka masaa 1,500 kwa jumla, ila ndani yake kuna masaa 100 ya usiku na 75 ya kuruka kwa vyombo, yaani kwa kusoma saa za kokpiti bila kutegemea kuona nje. Sasa viwanja vingi vya mbugani havina taa, ndege za Caravan zinalala jua likizama, nina jamaa zangu wana masaa 2,000 na ATPL hawana kwa sababu ya usiku tu. Kwa hiyo waulize kabisa kwenye intavyuu kama wana safari za usiku, na kama hawana basi anza kutenga hela ya kuzitafuta mwenyewe kidogo kidogo.

Na kuchagua kampuni usiangalie rangi ya ndege wala sare. Mtafute rubani aliyekwisha ondoka pale (aliyepo hatakwambia) muulize swali moja, rubani akisema leo siruki hali ya hewa mbaya, ofisini wanafanyaje? Mimi kampuni yangu ya mwanzo niliwahi kukataa kuruka masika, wingu limeshuka mpaka chini kabisa, simu ikapigwa mara nne, ya nne nikaambiwa kuna vijana wengi wanaitaka hiyo siti. Sikuruka, na miezi mitatu baadaye nikahama. Ningekuwa nimeuliza mapema nisingeenda kabisa. Kampuni ambayo "hapana" ya fest ofisa (rubani msaidizi) mdogo inasikilizwa, hata kama mshahara uko chini kidogo, nenda hiyo.

Kaka, mimi ni wa Raskazone ila nipo Florida, nina green card, nafundisha kuruka, masaa 1,380. Nataka kuingia mashirika ya kikanda ya huku. Moja linatoa bonasi nono ila kituo chake ni mbali, lingine bonasi ndogo ila kituo kipo mji anaokaa shangazi yangu. Niende wapi?

Kwa shangazi, dadangu. Sikutanii, nakwambia kwa hesabu.

Marekani maisha yako yote kwenye shirika yanaendeshwa na namba ya ukongwe. Unapewa siku unayoanza darasa, na hiyo namba ndo inaamua utakaa kituo gani, rosta gani, likizo lini, ukepteni lini. Na haihamishiki, ukienda shirika lingine unaanza mkiani. Miezi ya mwanzo, pengine zaidi, utakuwa rizevu, yaani unakaa unasubiri simu na ikipigwa una muda mdogo tu wa kufika uwanjani. Ukiwa unakaa kwenye mji wa kituo unasubiria kitandani kwako. Ukiwa mbali unapanda ndege siku moja kabla, unalipia kitanda kwenye nyumba ya kuchangia na marubani wengine kumi, siku zako za mapumziko zinaishia njiani. Hiyo bonasi itakatwa kodi, iliyobaki itaishia kwenye hicho kitanda na nauli, na mara nyingi inakuja na masharti ya kukaa miaka kadhaa, ukiondoka unairudisha.

Kingine, jua shirika ni la nani. Envoy, PSA na Piedmont ni mali ya American Airlines na zina njia ya kukupandisha huko juu bila intavyuu mpya, Endeavor ni ya Delta. SkyWest na Republic zinajitegemea, zinarusha ndege kwa niaba ya makubwa zaidi ya moja. Hakuna ubaya upande wowote, ila hiyo njia ya kupanda inaenda kwa foleni, uliza foleni inatembea watu wangapi kwa mwezi sasa hivi, usikubali jibu la mwaka ule walipokuwa na uhaba wa marubani. Ukepteni nao una sheria yake, lazima uwe na masaa 1,000 ya kazi ya shirika la ndege kwanza, kwa hiyo shirika ambalo mafest ofisa wapya wanakaa rizevu bila kuruka, hizo 1,000 zitakuchukua muda mrefu.

Ndege usiifanye sababu ya kwanza. E175 ni tamu, throto (vishikio vya nguvu ya injini) zinajiendesha zenyewe. CRJ hazina hicho, mkono wako ndo unafanya kazi, na mimi naona hilo kwa kijana ni faida.

Kuhusu masaa, kama huna digrii ya urubani wewe unahitaji 1,500 kamili (mwenye digrii ya chuo kilichoidhinishwa anaruhusiwa 1,000). Hii sheria ilitokana na ajali ya Colgan Air karibu na Buffalo, Februari 2009, walikufa watu 50, usiione ni usumbufu. Masaa yaliyobaki yasikupite hivi hivi, fundisha wanafunzi wa vyombo kuliko wale wa kuzunguka uwanja tu. Na ile kozi ya ATP-CTP ya kabla ya mtihani wa leseni ya juu, masaa 30 ya darasani na 10 ya simuleta (mashine ya kuigiza ndege), usiilipie mfukoni kabla hujawauliza, mashirika mengi yanailipa yenyewe.

Nimepata kazi alhamdulillah, darasa linaanza baada ya wiki sita. Nisome nini? Naogopa kuanguka mitihani. (Duga)

Hongera sana, na hofu yako ni nzuri ukiitumia. Hapa nitakaa kidogo.

Watu hawaanguki kwa kukosa akili. Wanaanguka kwa sababu walifika mikono mitupu wakidhani watafundishwa kila kitu kuanzia mwanzo. Wiki ya kwanza unapewa vitabu vya kampuni, mfumo wa umeme, haidroliki, mafuta, hewa, na kabla hujameza hayo upo kwenye simuleta na instrakta anategemea mikono yako inajua swichi ipo wapi. Masomo ni kama maji ya mpira wa zimamoto, huwezi kuyanywa, unachoweza ni kupunguza kiu kabla hujafika.

Kwa hiyo wiki hizi sita piga simu uombe vitabu, wengi wanatoa mapema. Anza na mambo ya dharura ya kukariri, moto wa injini, moshi, presha ikipotea, yaseme neno kwa neno kama yalivyoandikwa, sio kwa maana yake, kwa neno. Af mipaka, namba zote. Kwa mfano Caravan yenye PT6A-114A wakati wa kuwasha huingizi mafuta mpaka Ng (kasi ya mzunguko wa injini) ifike asilimia 12, na joto la kuwashia likigusa nyuzi 1,090 hapo si mchezo tena, namba kama hizo zikutoke ukiamshwa usingizini.

Halafu flo. Flo ni ule mpangilio wa mkono kupita kwenye swichi kabla chekilisti haijasomwa. Mimi nilinunua manila nne pale mjini nikachora kokpiti nzima kwa kalamu, nikaibandika ukutani chumba cha bibi Chumbageni, nikaweka viti viwili vya plastiki mbele yake, mdogo wangu ambaye hajui hata ndege inarukaje akawa ananisomea chekilisti mimi naigusa karatasi na kujibu kwa sauti. Kila siku baada ya Alasiri, wiki tano. Bibi alikuwa akipita anasema "huyu mtoto anaongea na ukuta". Siku ya kwanza ya simuleta mkono ulienda wenyewe, nikabaki na akili ya kufikiria kuruka, na hiyo ndo faida yote, usitumie akili kutafuta swichi.

Kolauti nazo vivyo hivyo, nani anasema nini wakati gani. Injini ikizimika baada ya V1, ile kasi ambayo ukishaipita lazima uruke, hamna muda wa kukumbuka mstari wako.

Usipoteze hizo wiki kujaribu kuelewa kila waya wa ndege. Darasa litakupa mifumo. Na vyombo vikikushinda mkono, yaani hujaruka kwa vyombo (IFR) muda mrefu, tafuta hata masaa machache ya kifaa cha mezani ushike tena mzunguko wa macho, maana simuletani utaletewa wingu mpaka mlango wa ranwei na injini moja. Kwetu wanaoajiriwa Q400 (ndo hiyo Dash) au ATR hupelekwa nje kwenye simuleta, Addis Ababa, Toulouse na kwingineko, muda wa kule ni ghali na hakuna atakayekuongezea vipindi kwa sababu hukukariri.

Mwanangu kaletewa mkataba, anatakiwa akae miaka miwili au alipe gharama za mafunzo. Nisaini kama mdhamini? (Mama wa Chumbageni)

Shikamoo mama. Bondi ni kitu cha kawaida, mafunzo ya ndege moja ni hela nyingi na kampuni inajilinda. Ila kabla ya kalamu mpelekeeni mwanasheria asome haya: deni linapungua kila mwezi anaofanya kazi au linabaki zima mpaka siku ya mwisho? Kampuni ikimwachisha yenyewe, analipa? Akianguka mtihani, analipa? Kiasi kimeandikwa kwa shilingi au kwa dola? Na vyeti vyake halisi asimwachie mtu, wapige kopi wambakishie vyake. Kama deni halipungui na wanataka vyeti, mama, usisaini, kijana ataruka akiwa mgonjwa kwa kuogopa deni.

Mwenzangu wa simuleta ni mzito, ananirudisha nyuma. Naweza kuomba nibadilishiwe?

Unaweza, lakini kwanza jiulize umeshakaa naye usiku mmoja mkapitia flo pamoja. Instrakta hawaangalii wewe peke yako, wanaangalia kama watu wawili mnaendesha ndege moja, na ukimwacha mwenzako anazama wanaandika hilo pia. Kipindi ni masaa manne, mawili yako mawili yake, na yale ambayo yeye anashika usukani wewe unafanya redio, chekilisti, kolauti, pale ndo nilipojifunza zaidi kuliko nilipokuwa nashika mwenyewe. Ukijaribu kwa moyo wiki nzima ikashindikana, mwambie instrakta mbele ya mwenzako, sio kwa kumzunguka.

Nilianguka mtihani wa IR (kibali cha kuruka kwa vyombo) mara moja. Nifiche?

Usithubutu. Rekodi zipo na zitaombwa. Sema ulianguka wapi, kwa kosa gani, ulirekebisha vipi, dakika moja inatosha. Mtihani mmoja haumzuii mtu kazi, uongo unamzuia palepale.

Mafunzo yangu yanaangukia Ramadhani. Nifunge?

Suala la dini muulize shehe wako, mimi nakupa la kazi. Kampuni nyingi zina maandishi juu ya kufunga ukiwa kazini, yasome, zingine zinakataza kabisa. Vipindi vya simuleta hupangwa muda wowote, hata saa nane usiku, na mwili uliokauka maji unachelewa kuamua. Mimi siku za kuruka nakula, na safari ina ruhusa yake, nalipa siku zangu baadaye. Wakati wa darasa tu, bila simuleta, nilifunga bila shida. Ila ongea na mwenzako mapema ajue, asishangae unapomuomba mpange mazoezi baada ya futari.

Nibebe nini siku ya kwanza?

Leseni, medikali, pasipoti, logibuku iliyojumlishwa mpaka safari ya mwisho (wengi wanafika nayo haijajumlishwa na wanaaibika), kalamu za rangi, ile karatasi yako ya manila ukunje. Na sweta nzito mdogo wangu, wewe umezoea joto la Tanga, chumba cha simuleta kina baridi ya kutetemesha kwa ajili ya zile mashine, na mkono unaotetemeka hauruki vizuri.